Motokaa Inayokataa Kurudi Nyuma



Mwenzetu mmoja amepigiwa simu na shemeji yake aliyeko Nyamongo, wilaya ya Tarime, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Shemeji huyo hupakia abiria kwa motokaa ya otomatiki baina ya Nyamongo na Tarime mjini. Sasa motokaa inakwenda mbele vizuri, lakini nyuma haiendi kabisa. Fundi amemwambia anunue giaboksi nyingine. Kwa kuwa wengi wetu tunaingiza magari mashambani kuchukua karafuu, katika njia zisizo na pa kugeukia, nimeona jawabu litatufaa sote.

Shafti ya magurudumu ikikatika, motokaa haiendi mbele wala nyuma. Basi ikiwa mbele inakwenda, ubovu uko kwenye gia ya nyuma yenyewe au katika njia ya kuifikia.

Tia gia ya nyuma, na mtu asimame kando atazame taa nyeupe. Ikiwa haiwaki, na globu ni nzima, huenda kebo ya gia imelegea na wenzo haufiki mahali pake. Kazi hiyo si ya fedha nyingi.

Katika motokaa ya klachi, gia ya nyuma hupitia gia ndogo ya tatu inayogeuza mzunguko. Meno yake aghalabu yamenyooka, ndiyo sababu hulia. Dereva akiitia kabla motokaa haijasimama barabara, meno hugongana na kulika. Hilo, tukubali, ni kosa letu wenyewe. Ikiruka au kukwaruza kila mara, huenda ikabidi giaboksi ifunguliwe.

Ya otomatiki, kama ya shemeji, hutegemea mafuta. Kurudi nyuma aghalabu huhitaji msukumo wa mafuta mkubwa kuliko kwenda mbele, kwa hiyo yakipungua, gia ya nyuma huweza kutangulia kukataa. Yapimwe kama kitabu cha motokaa kinavyoagiza, maana nyingine hupimwa injini ikiwaka na nyingine ikiwa imezimwa. Yakiwa safi lakini machache, yaongezwe ya aina ileile, na patafutwe yanapovujia. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, sahani za ndani zimeungua, na fundi atakuwa amesema kweli.

Tumemwuliza shemeji kama fundi alipima mafuta kabla ya kutaja bei. Hakuyapima. Ameahidi kuyapima kesho asubuhi, kabla hajatoa hata senti.

Katibu