Siri ya kioo kinachojiwakia iko kwenye mchanganyiko
Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

KWA anayevusha simu za kuuza Gatumba au Kobero, na kwa aliyerejea nyumbani akaanza na kibanda cha fundi simu Buyenzi, kioo ndicho kinachopandisha au kushusha bei. Kile kinachoitwa OLED hakina taa nyuma yake. Kila nukta hujiwakia.

Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akiwamo Richard Friend, walitangaza kuwa plastiki, yaani polima, hutoa mwanga ikipitishiwa umeme. Tatizo likawa kwamba umeme mwingi ulipotea bure. Ndani ya utando huo, mwembamba kuliko unywele mara mamia, chaji chanya na chaji hasi sharti zikutane ndipo mwanga utoke. Chanya zilikimbia mno. Ni kama mtu wa Uvira na wa Bujumbura walioahidiana Gatumba: mmoja akipitiliza, hakuna biashara.

Dawa ikawa kuchanganya polima mbili, moja ya kubeba chanya, nyingine hasi. Si kazi rahisi, maana plastiki mbili hupenda kujitenga kama mawese na maji, na namna zinavyojitenga ndiyo huamua mwanga utakaopatikana. Baadaye ikaongezwa kemikali kidogo yenye madini ya iridiamu, inayookoa nishati ambayo ingeishia kuwa joto.

Mwaka 2002 Philips iliuza mashine ya kunyolea ndevu yenye kioo kidogo cha polima. Ilitarajiwa vioo vingechapwa kwa bei rahisi kama gazeti hili. Haikuwa hivyo: simu za leo hutumia kemikali za molekuli ndogo zinazofukizwa kwenye chombo kisicho na hewa, ingawa nazo huchanganywa kwa ustadi uleule.

Sasa mfukoni. Kioo cha OLED kikiharibika, mara nyingi hubandikwa cha LCD, ambacho ni rahisi zaidi. Kabla ya kutoa faranga zako, ingia gizani, fungua picha nyeusi tupu na uongeze mwanga hadi mwisho. OLED hubaki giza. LCD huonyesha weupe hafifu. Kisha fungua picha nyeupe. Ukiona kivuli cha alama za zamani, kioo kimechakaa. Kemikali ya buluu ndiyo huchoka mapema.