Barua Pepe Zikigoma Baada ya Kubadilisha Mipangilio

Kwenye Barabara ya James Gichuru, mtaa wa Lavington jijini Nairobi, nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia sasa ni ofisi za mashirika na kampuni. Ofisi ya aina hiyo ikiamua kuendesha seva yake ya barua pepe, mara nyingi huchagua Postfix, programu ya bure aliyoiandika Wietse Venema akiwa IBM na kuitoa kwa umma mwaka 1998. Ikishasimama vizuri huweza kufanya kazi miaka mingi bila kelele, mpaka siku fundi atakapogusa mipangilio.

Hitilafu ngumu zaidi ni ile isiyojitokeza papo hapo. Tuseme Jumanne fundi anafungua faili la main.cf, na kwenye mpangilio wa inet_interfaces anaandika loopback-only ili kuimarisha usalama. Anaiamuru programu isome mipangilio upya, barua zinaendelea kuingia, naye anaenda zake. Mpangilio huo lakini haushiki kwa amri hiyo. Sharti Postfix izimwe kabisa na kuwashwa tena. Ijumaa stima inapotea, seva inazimika. Ikiwaka, inasikiliza mashine yake yenyewe tu. Kompyuta za wafanyakazi na dunia nzima ya nje zinakataliwa mlangoni. Lawama zote zinaenda kwa stima au kwa kampuni ya intaneti, na ya Jumanne hayamjii mtu akilini.

Kumbe ushahidi upo wazi. Amri ya ss -ltn huonyesha mlango namba 25 unasikiliza anwani gani; ukiona 127.0.0.1 pekee, umeshampata mchawi. Amri ya postconf -n nayo hutoa orodha ya kila kilichoandikwa katika main.cf. Ukiilinganisha na nakala ya wiki iliyopita, mstari uliobadilika unajitokeza wenyewe. Angalia hata nafasi tupu: mstari unaoanza kwa nafasi huhesabiwa kuwa mwendelezo wa mstari uliotangulia, kwa hiyo kubonyeza kitufe kimoja kimakosa kunatosha kumeza mpangilio mzima.

Je, barua za wikendi hiyo zimepotea? La. Itifaki ya SMTP, aliyoiandika Jon Postel mwaka 1982, ilizingatia kwamba mashine huzimika na laini hukatika. Seva inayotuma ikikosa jibu huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye. Postfix yenyewe hungoja siku 5 kabla ya kukata tamaa.

Hatari kubwa iko kwenye tarakimu moja. Jibu linaloanza na 4 lina maana ya "jaribu tena baadaye". Linaloanza na 5 lina maana ya "usirudi". Fundi akifuta kimakosa jina la kikoa cha ofisi kwenye mpangilio wa mydestination, seva huweza kuanza kujibu 554, Relay access denied, na hapo kila barua hurudishwa kwa mtumaji saa hiyo hiyo. Ombi la zabuni lenye tarehe ya mwisho halina siku 5 za kungoja. Ndiyo maana naona ni uzembe kugusa seva inayotumika bila kuweka kwanza soft_bounce = yes. Mpangilio huo huzigeuza 5 za Postfix kuwa 4, hivyo kosa lako linawachelewesha watu badala ya kuwafukuza. Ukimaliza na kuhakikisha mambo yako sawa, unauondoa.

Kisha kuna lile linalofanywa kwa hofu, bosi akiwa amesimama nyuma ya kiti: kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Logi ya /var/log/mail.log haijasomwa hata mstari mmoja, na tayari diski inasafishwa. Foleni hukaa ndani ya /var/spool/postfix. Barua iliyomo humo seva ilishakiri kuipokea, na seva iliyoituma, ikishapata jibu hilo, huiondoa kwenye foleni yake. Folda hiyo ikifutwa, hakuna seva itakayoituma tena barua hiyo.