Miaka Minane Kazini, Lakini Karatasi Ziko Wapi?

Ukiulizwa leo umefanya kazi kwa miaka mingapi, utajibu bila kuwaza. Minane, tuseme. Majirani wanajua, mama mboga anayekukopesha sukuma mwisho wa mwezi anajua, na hata makanga wa matatu ya saa kumi na mbili asubuhi anajua. Lakini afisa wa uhamiaji wa Kanada hajui. Hajawahi kukuona na huenda asikuone kamwe. Atakachokijua ni kile tu kilichoandikwa katika karatasi ulizomtumia, na ikiwa karatasi hizo zinasema kwamba ulikuwa "mfanyakazi mwaminifu na mwenye bidii" na basi, miaka yako minane haimfai kitu.

Familia nyingi za mjini zenye kijana anayetaka kuhamia ng'ambo kwa ujuzi wake hujikaza sana kwa mtihani wa Kiingereza na kwa kutathminiwa kwa vyeti vya shule. Mambo hayo hulipiwa, hungojewa, yakaisha. Uzoefu wa kazi ndio unaowaangusha watu, tena watu waliofanya kazi kwelikweli.

Tuchukue mpango wa Kanada uitwao Express Entry, ulioanza Januari 2015, na hasa upande wake wa wafanyakazi wenye ujuzi wanaotoka nje ya nchi hiyo. Masharti yake hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo yasome katika mtandao wa wizara yenyewe kabla ya kulipa hata senti. Kwa kawaida hutakiwa angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi moja, ya kulipwa, ndani ya miaka kumi iliyopita. Mwaka mmoja maana yake ni saa 30 kwa wiki, yaani saa 1,560 kwa jumla. Aliyefanya nusu ya muda huo, saa 15 kwa wiki, atahitaji miaka miwili. Ukifanya saa 60 kwa wiki hesabu haiongezeki. Mwaka mmoja hukupa pointi 9, miaka miwili au mitatu 11, minne au mitano 13, na sita kwenda juu 15. Pointi za kupita ni 67 kati ya 100. Afisa akikataa kutambua kazi yako moja tu, jengo lote laweza kuporomoka.

Wanafunzi nao wasikie hili mapema: atachimenti isiyolipwa haihesabiwi, wala kazi ya kujitolea, hata kama ulichoka kuliko waliokuwa na mshahara.

Sasa tuje kwenye kiini. Wakenya tunaamini muhuri. Barua ikiwa na muhuri wa rangi ya zambarau na sahihi ndefu, twaiona imekamilika. Mkanada hatafuti muhuri, anatafuta majukumu. Anataka kujua kila siku ulipofika kazini ulifanya nini hasa, kisha alinganishe na orodha ya taifa lake ya kazi, iitwayo NOC. Toleo linalotumika kwa uhamiaji tangu Novemba 2022 limezigawa kazi katika ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5, na kwa mpango huu ni ngazi 0 hadi 3 tu zinazokubaliwa.

Hapo ndipo cheo kinapoweza kukudanganya. Tuseme kwenye kadi yako umeandikwa "mhasibu". Ikiwa ulitayarisha taarifa za fedha na kukagua vitabu, hiyo ni kazi ya ngazi ya 1, nambari 11100. Ikiwa ulitunza vitabu vya hesabu tangu mwanzo hadi mwisho, ni 12200, ngazi ya 2. Lakini ikiwa kutwa ulikuwa ukiandika ankara na kupokea risiti, wewe kwa Mkanada ni karani wa hesabu, nambari 14200, ngazi ya 4, na mlango umefungwa. Na kinyume chake pia hutokea: mtu aliyeitwa "msaidizi" kwa sababu bosi hakutaka kumwongeza mshahara, kumbe ndiye aliyekuwa akiifanya kazi yote ya mkubwa wake.

Barua inayotakiwa basi iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, pamoja na anwani, simu na barua pepe. Iwe imetiwa sahihi na msimamizi wako au afisa wa wafanyakazi, jina na cheo chake vikionekana. Ndani yake yawepo vyeo vyote ulivyoshika, tarehe ya kuanza na ya kumaliza kila kimoja, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu, na majukumu. Wakubwa wengi watakuambia, "Iandike mwenyewe nitie sahihi." Si vibaya, mradi uandike ukweli. Ila usiyanakili maneno ya NOC jinsi yalivyo. Afisa huyasoma maneno hayo kila siku, na akiyakuta neno kwa neno katika barua kutoka Industrial Area ataanza kujiuliza maswali.

Je, sheria yetu yakusaidia? Yakusaidia nusu njia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kukupa cheti cha utumishi unapoondoka, isipokuwa kama ulifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Anayekataa makusudi aweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Walakini soma cheti chenyewe: jina na anwani ya mwajiri, jina lako, tarehe mbili, aina ya kazi na mahali pake. Majukumu hayamo, saa hazimo, mshahara haumo. Tena kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kukuandikia barua ya kusifu tabia au utendaji wako. Hivyo cheti ni haki yako, lakini barua anayoitaka Mkanada utaipata kwa hisani tu.

Na hisani huisha haraka. Kwa maoni yangu, barua hiyo huombwa ungali na kiti chako ofisini, au katika wiki ile ya kuagwa kwa soda na keki, si miaka minne baadaye wakati bosi amehamia Mombasa na aliyechukua nafasi yake hakujui. Wengi huogopa kwamba bosi akinusa habari za Kanada atawatoa kazini kabla ya wakati. Hofu hiyo ina msingi, lakini hakuna panapokulazimu kutaja Kanada. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinataka uajiriwe kwa maandishi yenye maelezo ya kazi yako, saa na malipo. Itafute nakala yako leo. Mwajiri naye anatakiwa kuyatunza maandishi hayo kwa miaka mitano baada yako kuondoka, kwa hivyo usikubali kirahisi jibu la "faili lilipotea".

Kuna waliobaki bila wa kumwomba kabisa. Nakumatt, ambayo wadai wake walipiga kura ifungwe Januari 2020, ilikuwa imeajiri maelfu. Aliyekuwa meneja wa tawi huko atabisha mlango gani? Ikiwa wewe ni mmoja wao, eleza jambo hilo kwa barua fupi katika ombi lako, kisha lizungushie ushahidi: mkataba, barua za kupandishwa cheo, pesilipu, fomu za P9, taarifa ya michango ya NSSF inayomtaja mwajiri, na taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ukiingia. Mtafute msimamizi wako wa zamani popote alipo, aeleze majukumu yako katika hati ya kiapo mbele ya wakili. Afisa halazimiki kuridhika, lakini ana kitu cha kupima.

Huku mjini hukosi mtu wa kukuambia kwamba yote haya ni usumbufu, na kwamba barua yenye nembo yoyote inapatikana River Road kabla ya chakula cha mchana. Msikilize, kisha uende zako. Maafisa hupiga simu kwa waajiri, na pesilipu hulinganishwa na benki. Ukipatikana umedanganya, sheria ya Kanada inakufungia mlango kwa miaka mitano, na mara nyingi hao ndio wale ambao baba alikuwa ameuza ploti ili walipe ada.

Waliojiajiri, kuanzia fundi wa Gikomba hadi mchoraji wa ramani za nyumba, nao hukubaliwa katika mpango huu, ila hawawezi kujiandikia barua ya kujisifu. Wanatakiwa kuonyesha kuwa biashara ni yao, kuwa iliwaingizia pesa, na kuwa wateja walihudumiwa wakalipa. Cheti cha usajili, leseni za kaunti, ritani za kodi za KRA na taarifa za M-Pesa hufaa. Kisha wafuate wateja watatu au wanne wakubwa wakuandikie ulichowafanyia, lini, na kwa kiasi gani.

Fanya hayo kabla ya kuitwa. Mwaliko ukifika una siku 60 tu za kuwasilisha kila kitu, na ndani ya siku hizo hizo unatafuta cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Tarehe zote zikubaliane: barua ikisema uliacha kazi Machi na NSSF ikionyesha mchango wa Juni, ni wewe utakayeulizwa, si karani aliyekosea.