Marekani: Kwa nini wapiga kura wapenzi wa jinsia moja huwalaumu marafiki zao wa kisiasa

Mwezi Mei mwaka 1974, wabunge wawili wa New York, Bella Abzug na Ed Koch, wote wa chama cha Democratic, waliwasilisha katika Bunge la Marekani mswada wa kupiga marufuku ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Nusu karne imepita na ahadi ya sheria hiyo imerudiwa katika kampeni nyingi. Sheria yenyewe haijapatikana.

Hapo ndipo penye chimbuko la manung'uniko ya wapiga kura ambao, uchaguzi baada ya uchaguzi, hukipa chama cha Democratic sehemu kubwa ya kura zao. Mwaka 2008, uchunguzi uliofanywa vituoni ulionyesha kuwa 7 kati ya kila 10 kati yao walimchagua Barack Obama. Wengi wao hawakuwa na pengine pa kwenda: miaka minne kabla yake, Rais George W. Bush wa Republican aliunga mkono kurekebisha katiba ili kuzuia ndoa zao. Mgombea anayejua kwamba kura fulani hazitamkimbia huona hatari ndogo katika kuzichelewesha haki za wenye kura hizo.

Funzo la kwanza chungu lilikuja na Bill Clinton. Katika kampeni ya mwaka 1992 aliahidi kuondoa marufuku ya wapenzi wa jinsia moja kutumikia jeshi. Alipoingia madarakani alikabiliwa na upinzani wa majenerali na wa seneta wa chama chake mwenyewe, Sam Nunn, aliyeongoza kamati ya Seneti ya masuala ya kijeshi. Matokeo yake yakawa sheria ya mwaka 1993 iliyojulikana kama "Usiulize, usiseme": askari aliruhusiwa kubaki jeshini mradi afiche maisha yake. Zaidi ya askari 13,000 walifukuzwa chini ya sheria hiyo. David Mixner, rafiki wa Clinton wa miaka mingi aliyemchangishia fedha za kampeni, alikamatwa mbele ya Ikulu mwaka huohuo akiandamana kupinga hatua hiyo.

Septemba 1996, wiki chache kabla ya uchaguzi, Clinton alitia saini sheria iliyoizuia serikali kuu kuitambua ndoa yoyote ya watu wa jinsia moja. Alitia saini usiku wa manane, bila sherehe wala kamera. Hata hivyo, kampeni yake ilirusha matangazo katika redio za Kikristo ikijivunia sheria hiyo, kisha ikayaondoa baada ya malalamiko.

Athari zake hazikuwa za heshima tu. Mjane hakupata pensheni ya mwenziwe aliyefariki, na Mmarekani aliyeoana na mgeni hakuweza kumwombea mwenziwe kibali cha ukaazi. Kwa familia za wahamiaji hilo lilimaanisha kutengana, au Mmarekani mwenyewe kuihama nchi yake.

Obama na mwaka wa subira

Obama aliahidi kufuta sheria zote mbili. Chama chake kilitawala mabaraza yote mawili ya Bunge, na kwa miezi kadhaa kilikuwa na kura 60 katika Seneti, idadi inayohitajika kufunga mjadala na kuupigia mswada kura. Lakini Juni 2009 Wizara ya Sheria iliitetea mahakamani sheria ya ndoa ya mwaka 1996. Serikali ilijieleza kuwa ni wajibu wake kutetea sheria zilizopo, hata zile isizozipenda. Utetezi huo ulipungua uzito Februari 2011, serikali hiyohiyo ilipotangaza kuwa haitaitetea tena sheria hiyo.

Baadhi ya wachangiaji walisusia karamu ya kuchangisha fedha za chama mwezi huohuo wa Juni. Oktoba 2009 maelfu waliandamana Washington, siku moja baada ya Obama kurudia ahadi zake katika dhifa ya shirika kubwa la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Machi 2010 Luteni Dan Choi, mwanajeshi aliyepigana Iraq na anayejua Kiarabu, alijifunga kwa pingu kwenye uzio wa Ikulu. Miezi michache baadaye alifukuzwa jeshini.

Kisha likatokea jambo la kushangaza zaidi. Septemba 2010, jaji wa California aliamua kuwa "Usiulize, usiseme" inakiuka katiba, katika kesi iliyofunguliwa na kundi la wapenzi wa jinsia moja walio wanachama wa Republican. Serikali ya Obama ikakata rufaa.

Katika uchaguzi wa Bunge wa Novemba mwaka huo, takriban asilimia 31 ya wapiga kura hao walikichagua chama cha Republican. Democratic ikapoteza Baraza la Wawakilishi. Ni katika wiki za mwisho za Bunge hilo, dakika za majeruhi kama wasemavyo wapenzi wa kandanda, ambapo Seneti ilipitisha kwa kura 65 dhidi ya 31 mswada wa kufuta sheria hiyo ya jeshi. Obama aliutia saini tarehe 22 Desemba.

Mahakama yatangulia Bunge

Mengi yaliyofuata yaliletwa na majaji. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilibatilisha sehemu kuu ya sheria ya ndoa kupitia kesi ya Edith Windsor, mjane aliyefunga ndoa Toronto, Canada, na kutozwa kodi ya urithi ya zaidi ya dola 363,000. Mwaka 2015 iliruhusu ndoa hizo nchi nzima. Mwaka 2020 iliamua kuwa sheria ya kazi ya mwaka 1964 inamlinda mfanyakazi asifukuzwe kwa sababu hiyo. Hukumu hiyo iliandikwa na Neil Gorsuch, jaji aliyeteuliwa na Donald Trump.

Bunge lilirudi ulingoni Desemba 2022, lilipopitisha sheria ya kulinda ndoa hizo, kwa hofu kwamba mahakama inaweza kugeuka. Mswada mpana zaidi, unaogusa pia nyumba za kupanga na huduma za umma, ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Joe Biden alikuwa ameahidi kuutia saini ndani ya siku zake 100 za kwanza. Katika Seneti, chama chake kilikuwa na viti 50, na kura 60 hazikupatikana. Aliondoka madarakani Januari 2025 bila mswada huo kufika mezani kwake.