Mufwankolo: Mchekeshaji wa Lubumbashi aliyeigiza mamlaka enzi za Mobutu

LUBUMBASHI – Mwaka 1986, Mobutu Sese Seko akiwa ametimiza miaka 20 madarakani na MPR ikiwa chama pekee nchini Zaire, kundi la wachekeshaji wa Lubumbashi lilitunga mchezo kuhusu jambo zito: mamlaka. Kisha mchezo huo ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni.

Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Odilon Kyembe Kaswili, lakini mjini alijulikana kwa jina la jukwaani, Mufwankolo. Kundi lenyewe nalo likaitwa hivyo.

Hollywood ya zamani iliwatendea kinyume waigizaji wa aina yake. Mwaka 1939 pekee, Thomas Mitchell alionekana katika Stagecoach, Gone with the Wind na Mr. Smith Goes to Washington. Watazamaji wengi walikumbuka sura yake, si jina. Lubumbashi, jina la mhusika ndilo lililommeza mtu.

Katika redio na televisheni, kundi liliigiza maisha ya kila siku ya mji wa shaba kwa Kiswahili cha Katanga, kile kinachochanganyika na Kifaransa na kilichokua miongoni mwa wafanyakazi wa migodi waliotoka makabila mengi. Waigizaji hawakukariri maandishi. Walikubaliana juu ya mtiririko wa kisa, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe.

Mchezo wa 1986 ulianzia kwenye methali. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufundisha chuo kikuu mjini humo, aliisikia alipoandaliwa firigisi ya kuku, kipande cha heshima ambacho mgeni hapaswi kukigawa: mamlaka huliwa mazima. Alipowauliza wasanii maana yake, walijadiliana, na badala ya kumpa jibu moja wakaamua kuigiza.

Kisa kiliwekwa kijijini, kwa sultani na wazee wake, mahali ambapo heshima ya utawala inatikiswa. Methali hiyo ilikuwa na makali pande mbili. Mtawala angeweza kuisikia kama sifa kwamba madaraka hayagawanywi. Raia mwenye sufuria tupu angeweza kuisikia kama shtaka dhidi ya anayekula peke yake. Katika nchi ya chama kimoja, utata huo uliwapa wachekeshaji nafasi ya kusema.

Mwaka 1990 Fabian alichapisha kitabu Power and Performance, kikiwa na mazungumzo ya waigizaji kwa Kiswahili chao pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lugha ambayo mwalimu wa Kiswahili sanifu angeijaza wino mwekundu iliingia kitabuni jinsi ilivyotamkwa. Leo, anayetaka kujua watu wa Lubumbashi walivyozungumza kuhusu utawala miaka ile anaweza kuwasoma wachekeshaji ambao wenyewe hawakuandika mchezo wao.