Nani Anajua Kurasa Zote? Orodha Kamili ya Tovuti Tuli (Sehemu ya Pili)

Wavuti ulipokuwa mchanga, orodha yake nzima ilienea katika ukurasa mmoja. Tim Berners-Lee, aliyeutangaza kwa umma mwaka 1991 akiwa katika maabara ya CERN karibu na Geneva, aliorodhesha kwa mkono seva zilizokuwapo duniani, na nakala ya orodha hiyo ya mwaka 1992 bado inasomeka hadi leo. Haukupita muda mrefu seva zikaongezeka kuliko mkono wa mtu mmoja unavyoweza kuandika.

Yaliyoupata wavuti mzima huipata kila tovuti inayokua. Maktaba ya shule huanza na kurasa tano: mwanzo, saa za kufungua, vitabu vipya, kanuni, mawasiliano. Mwenye tovuti anaweka viungo vyake juu ya ukurasa wa kwanza na mambo yanakwenda. Baada ya miaka mitatu kurasa ni mia mbili, walioziandika ni watu saba tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusema kwa uhakika kuna nini. Kuna ukurasa wa ada uliopitwa na wakati ambao wazazi bado wanaufikia kupitia Google, na kuna mwongozo mzuri wa kutafuta vitabu ambao hakuna anayeuona, kwa sababu aliyeuandika alisahau kuuwekea kiungo.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi tovuti tuli inavyojengwa. Msomaji atakumbuka kwamba kila ukurasa ni faili iliyokamilika kabla mgeni hajabisha hodi, na kazi ya seva ni kuombwa faili na kuitoa. Hilo ndilo linaloifanya tovuti ya aina hii iwe nyepesi, ya bei nafuu na ngumu kudukuliwa. Ndilo pia linaloleta tatizo la orodha. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaendeshwa kwa programu ya MediaWiki, na makala yake yote yamo ndani ya hifadhidata. Mtu akitaka kuona kurasa zote, programu huiuliza hifadhidata, nayo hujibu. Tovuti tuli haina wa kuulizwa. Seva yake haijui kama faili iliyoitoa ni ukurasa wa nne au wa elfu nne.

Orodha basi lazima iandaliwe mapema, wakati wa kujenga, na iwe yenyewe faili kama nyingine. Ni sawa na mahudhurio yanayoitwa darasani asubuhi: anayefika saa nne hayumo mpaka majina yaitwe tena. Jambo hili likieleweka, mengi yanayowasumbua wenye tovuti tuli hujieleza yenyewe.

Mfano unaofundisha zaidi ni ikiwiki, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Perl na Joey Hess, mtu aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika mradi wa Debian, na kutolewa mwaka 2006. Huchukua faili za maandishi ya kawaida zenye alama nyepesi za Markdown na kuzigeuza kuwa kurasa za HTML. Kiini chake ni kidogo, na karibu kila jambo lingine hufanywa na programu jalizi, yaani vipande vya programu vinavyochomekwa ili kuiongezea uwezo. Ya kuorodhesha kurasa inaitwa map, nayo imo katika kifurushi kiitwacho goodstuff, ambacho mwenye tovuti hukiwasha katika faili ya mipangilio. Kisha hufungua ukurasa wowote, tuseme uitwao "yaliyomo", na kuandika mstari mmoja:

[[!map pages="*"]]

Nyota maana yake ni chochote. Tovuti ikijengwa, mstari huo hutoweka na mahali pake huwekwa mti wa viungo, kila ukurasa chini ya folda yake.

Hapo ndipo mgeni wa programu hii hushtuka. Kwenye orodha kuna kurasa ambazo hakuziandika: maelezo ya namna ya kuandika viungo, ukurasa wa kufanyia majaribio, mwongozo wa alama. Zimetoka wapi? Ikiwiki huja na seti ya kurasa zake za msingi, na huzijenga pamoja na za mwenye tovuti. Tena zimo picha na nyaraka zilizoambatishwa, kwa kuwa nyota haibagui ukurasa na faili nyingine. Na kama kurasa za majadiliano zimewashwa, nazo zimeingia. Orodha haijakosea. Imejibu swali kama lilivyoulizwa, na swali lilikuwa pana mno.

Dawa yake ni kuuliza kwa usahihi zaidi, na ikiwiki ina lugha ndogo ya kufanyia hivyo, iitwayo PageSpec. Mstari ukiandikwa hivi, jibu hubadilika kabisa:

[[!map pages="page(*) and !ikiwiki/* and !*/Discussion" show="title"]]

Neno "page" linataka kurasa tu, bila picha. Alama ya mshangao inaondoa: kwanza kurasa za mwongozo zilizo chini ya folda ya ikiwiki, kisha za majadiliano popote zilipo. Sehemu ya mwisho inaagiza vichwa vya habari vionyeshwe badala ya majina ya faili, jambo ambalo msomaji wa kawaida atalishukuru, maana "vitabu_2019_b" halimwambii kitu. Lugha hii ndogo ni moja ya mambo yaliyobuniwa kwa akili nyingi katika programu za aina hii. Anayeijua anaweza, kwa mistari mitatu, kuorodhesha kurasa za mwaka fulani, za mwandishi fulani, au zinazoungana na ukurasa fulani, bila kuandika programu yoyote.

Kuna kazi nyingine inayofanyika kimya nyuma ya mstari huo, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mtu akiongeza ukurasa mpya kuhusu magazeti ya zamani, faili ya "yaliyomo" haijaguswa na mtu. Programu itajuaje kwamba nayo inahitaji kujengwa upya? Ikiwiki huweka kumbukumbu, katika folda iliyofichwa iitwayo .ikiwiki, ya kila ukurasa na kile unachokitegemea. Ukurasa wa "yaliyomo" umeandikwa humo kuwa unategemea kila ukurasa unaolingana na masharti yale ya PageSpec. Ukurasa mpya ukiingia, programu hupitia kumbukumbu, huona kwamba unalingana, na huujenga upya ule wa orodha pamoja nao. Kurasa nyingine huachwa zilivyo. Kwenye tovuti ya kurasa elfu kadhaa, tofauti kati ya kujenga mbili na kujenga zote ni kubwa.

Jekyll, programu iliyoandikwa na Tom Preston-Werner mwaka 2008 kwa lugha ya Ruby, ilichagua njia nyingine: hujenga tovuti nzima upya kila mara. Ni njia rahisi kuiamini, kwa sababu orodha haiwezi kubaki nyuma. Jekyll ina pia namna ya kujenga vilivyobadilika tu, lakini watengenezaji wake wenyewe wameiita ya majaribio, na ukurasa unaoorodhesha wenzake ni miongoni mwa vinavyoweza kubaki na habari za jana. Mwenye tovuti ya kurasa mia tano hana sababu ya kujitafutia shida hiyo.

Jekyll imewafikia watu wengi kupitia huduma ya GitHub Pages, iliyozinduliwa mwaka huohuo wa 2008, na wengi huanza kutengeneza orodha bila programu jalizi yoyote. Ndani ya kiolezo huandika amri ya kuzunguka kila kilichomo katika site.pages na kuchapisha kichwa chake. Matokeo hushangaza kwa namna mbili kwa pamoja. Kwanza, makala zenye tarehe hazimo, kwa sababu Jekyll huzihesabu kando, katika site.posts. Pili, vimo visivyo kurasa machoni pa msomaji: faili ya mitindo ya CSS, faili ya mlisho wa habari, na ule ukurasa wa 404 unaoonyeshwa mtu anapokosea anwani. Kwa Jekyll, faili yoyote iliyo na mistari ya utangulizi kati ya vistari vitatu juu na vitatu chini, na isiyo katika mkusanyiko maalumu, ni ukurasa. Kwa mama anayetafuta saa za kufungua maktaba, CSS si ukurasa hata kidogo.

Programu jalizi ya jekyll-sitemap imeshafikiria sehemu kubwa ya mambo hayo. Huchanganya kurasa na makala, huuacha nje ule wa 404, na hukumbuka hata faili za PDF zilizowekwa kama zilivyo. Namna inavyojipanga inapendeza. Jekyll hupitia hatua kadhaa: husoma faili, huziruhusu programu jalizi kuzalisha kurasa za ziada, kisha hutumia violezo na kuandika matokeo. Jekyll-sitemap imejiweka ya mwisho kabisa katika foleni ya wazalishaji, ili kama programu jalizi nyingine imezalisha kurasa kwa kila mada au kila mwezi, nazo zihesabiwe. Orodha iliyotengenezwa mapema mno katika foleni hiyo ingekosa wanachama bila kuonyesha dalili yoyote ya kosa.

Inachotoa ni faili ya sitemap.xml, ambayo imekusudiwa injini za utafutaji kama Google, wala haikukusudiwa macho ya watu. Google ilianzisha muundo huo mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft zikakubali kuutumia pamoja nayo. Faili moja inaruhusiwa kubeba anwani zisizozidi 50,000 na ukubwa usiozidi megabaiti 50 kabla ya kubanwa. Muundo una nafasi ya kutaja umuhimu wa kila ukurasa na mara ngapi unabadilika, na wapo wanaotumia saa nyingi kupanga namba hizo. Google imesema wazi kwamba haizitazami.

Tarehe ya mabadiliko ya mwisho ndiyo inayotazamwa, kwa sharti iwe ya kweli. Hapa pana mtego unaowanasa hata wenye uzoefu. Faili za tovuti nyingi hutunzwa kwa Git, programu inayorekodi kila badiliko, na Git inapozinakili kwenye kompyuta ya kujengea, kila faili hupata tarehe ya dakika hiyo ya kunakiliwa. Programu jalizi inayosoma tarehe ya faili itatangaza kwamba kurasa zote mia mbili zimebadilika leo, na kesho tena, na keshokutwa. Injini ya utafutaji ikiona hivyo kwa muda, huacha kuziamini tarehe za tovuti hiyo. Ikiwiki inalo jibu zuri: kwa chaguo liitwalo gettime, huchimbua tarehe kutoka kwenye historia ya Git yenyewe, ambako imeandikwa nani alibadili nini na lini. Wa Jekyll huongeza programu jalizi nyingine kwa kazi hiyo.

Linabaki suala la kurasa ambazo hazina njia ya kufikiwa. Ikiwiki ina programu jalizi iitwayo orphans, yatima, ambayo huorodhesha kurasa zisizounganishwa na ukurasa mwingine wowote. Kwa mwenye tovuti inayokua, orodha hii fupi ina thamani kuliko ile ndefu. Ndefu humwambia alicho nacho, na fupi humwonyesha alichokipoteza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ule mwongozo wa kutafuta vitabu ungejitokeza humo siku ya kwanza.

Kinyume chake, wapo wanaotaka ukurasa usionekane. Kwenye Jekyll, kuandika "sitemap: false" juu ya faili huuondoa ukurasa katika orodha. Wengi hudhani wameuficha. Faili bado iko kwenye seva, na yeyote mwenye anwani yake, au anayeikisia, ataisoma. Hata faili ya robots.txt inayoomba mitambo isipite mahali fulani inaweza kusomwa na mtu yeyote, kwa hiyo anayeandika humo jina la folda ya siri ameitangaza. Matokeo ya mitihani au namba za simu za wazazi hazipaswi kuwa katika folda inayojengwa, hata kwa siku moja.

Ukaguzi wa mwisho hauhitaji programu jalizi yoyote. Ndani ya folda yenye tovuti iliyokwisha kujengwa, amri ya find . -name "*.html" | wc -l huhesabu kurasa zote, na namba hiyo hulinganishwa na idadi ya viungo kwenye orodha. Mara nyingi hazilingani, na kila tofauti ina sababu inayoweza kufuatiliwa: kurasa za kuelekeza anwani za zamani, au zile zilizoachwa nje kwa makusudi. Tofauti inayostahili wasiwasi ni ile iliyo kati ya folda hiyo na seva. Ukurasa uliofutwa kwenye kompyuta hauondoki kwenye seva kama faili hupandishwa kwa FTP moja baada ya nyingine. Unabaki huko, hautajwi na orodha yoyote, lakini unajibu kila unapoitwa. Hivyo ndivyo ule ukurasa wa ada za zamani unavyoendelea kuwafikia wazazi. Anayepandisha kwa programu ya rsync huongeza chaguo la --delete ili seva ifanane na folda, na aangalie mara mbili jina la folda kabla ya kubonyeza, kwa sababu chaguo hilo hufuta kwenye seva kila lisichokikuta kwenye folda. Sehemu ya tatu itaanzia kwenye upandishaji huo wa faili.