Mzumbe: Kipawa cha Mtoto Hakisubiri Kidato cha Kwanza

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, kisha ukakata kushoto Sangasanga kuelekea Mlali na Mgeta, unafika Mzumbe, chini ya safu ya milima ya Uluguru. Hapo ipo Shule ya Sekondari Mzumbe, mojawapo ya shule za serikali za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Kibaha, Msalato, shule mbili za Tabora, na Kilakala ya Morogoro mjini, ambayo hapo zamani iliitwa Marian College chini ya uangalizi wa Masista wa Maryknoll. Kila mwaka vijana waliofaulu vizuri sana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huletwa Mzumbe kutoka pande zote za nchi.

Vijana hao walikuwa na miaka minne siku moja. Kipawa chao kilikuwapo tayari, wakiwa wamekaa juu ya mkeka wa chekechea fulani, na pengine hakuna aliyekitazama. Wapo wenzao pia waliokuwa na kipawa kilekile lakini hawakufika hata kwenye mtihani huo na moyo wa kusoma. Hao ndio wanaotusukuma kuandika leo.

Tumfikirie mtoto wa miaka minne na nusu katika darasa la awali. Mwalimu anaandika herufi moja ubaoni, watoto wanaitamka kwa pamoja mara kumi. Huyu aliijua tangu mwaka jana, kwa kusoma maandishi ya mifuko ya saruji na ubavuni mwa daladala. Mara ya tatu anaitikia, mara ya nne ananyamaza, mara ya sita ameshaondoka mkekani, anapanga vizibo vya soda vya wenzake kwa rangi, na wenye vizibo wanalia. Jioni mama anaambiwa kwamba mwanawe ni mtundu. Kiswahili kina hekima hapa kuliko sisi tunaokisema: neno hilohilo tunalomwambia mtoto msumbufu ndilo tunalomsifia fundi mwenye akili ya kubuni. Siku moja ya utundu haitoshi kuthibitisha kipawa, lakini inatosha kumfanya mwalimu atazame kwa makini kabla ya kuadhibu.

Atazame nini? Mwanazuoni wa Marekani, Joseph Renzulli, mwaka 1978 alipendekeza tuangalie mambo matatu yanapokutana: uwezo uliozidi wa kawaida, ubunifu, na bidii ya kushikilia kazi mpaka mwisho. Kwa mtoto mdogo, hili la tatu ndilo linaloonekana upesi zaidi. Yupo atakayekaa nusu saa nzima akitazama maji yanavyopita kwenye mfereji wa bustani, akiyazuia kwa udongo, akiyafungulia, akijaribu tena. Yupo anayekaa pembeni mwa wazee wanaocheza bao, na baada ya wiki chache anajua kete inaishia shimo lipi kabla haijafika.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mtoto wa namna hii hakui sawasawa pande zote. Kichwa chake kinaweza kuwa cha miaka saba, vidole vyake ni vya miaka minne, na machozi yake ni ya miaka mitatu. Anaijua hadithi anayotaka kuandika, ila penseli haimtii, basi anaichana karatasi. Anauliza bibi alikwenda wapi baada ya kuzikwa, na usiku hawezi kulala kwa sababu ya jibu alilopewa. Mzazi anayemwambia, "Wewe una akili, mbona unalia kama mtoto?" anasahau kwamba ni mtoto.

Na wapo wasioonekana kabisa. Aliyeshuka na wazazi wake kutoka vijiji vya juu huku akizungumza Kiluguru tu ataonekana mzito wa kuelewa, kwa kuwa darasa ni la Kiswahili. Mtegee kitendawili kwa lugha ya nyumbani ndipo umhukumu. Mwenye usikivu hafifu huonekana mkaidi. Msichana mpole anayemaliza kazi na kukaa kimya husifiwa kwa upole wake, basi, kisha nyumbani hukabidhiwa mdogo wake wa kubeba. Kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba ana sauti nyumbani. Ni vema mwalimu akamtafuta naye pia, asiishie kwa baba na mama peke yao.

Wazazi wengi wakishatambua kipawa, ombi lao la kwanza ni moja: mtoto arushwe darasa. Tunaelewa shauku yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mwaka mmoja wa elimu ya awali, na darasa la kwanza katika umri wa miaka sita. Wapo watoto wachache ambao kupandishwa huwafaa. Kwa walio wengi, katika umri huu, tunaona afadhali kazi iongezwe kina pale pale walipo, maana atakayepelekwa kwa wakubwa zake anakwenda na vidole vilevile na machozi yaleyale.

Kuongeza kina hakuhitaji fedha nyingi. Wenzake wakihesabu maharage hadi kumi, yeye apewe kumi na mbili awagawie wanasesere watatu, kisha aongezewe moja aseme afanyeje na hilo lililobaki. Wenzake wakichora nyumba, yeye achore njia kutoka nyumbani hadi kanisani. Kona za kujifunzia zilizomo katika madarasa yetu ya awali zinaruhusu hayo, kama vilivyoruhusu vyumba vya Maria Montessori tangu alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, akichanganya wa miaka mitatu hadi sita na kumwacha kila mmoja aende kwa mwendo wake. Tusijidanganye, hata hivyo: kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na darasa lenye watoto mara mbili au tatu ya hao humchosha hata mwalimu hodari. Hapo msaidizi wa kujitolea ni wa lazima. Tuna Chuo Kikuu jirani. Saa moja kwa wiki ya mwanafunzi anayejua kusoma hadithi vizuri ingebadilisha mengi katika chekechea za parokia.

Tuwaombe wakubwa mambo mawili pia. Mtoto asisimamishwe mbele ya wageni ahesabu hadi mia ili tupigiwe makofi sisi. Na asigeuzwe msaidizi wa mwalimu kila siku, akiwafundisha wengine yale anayoyajua huku yeye hapati jipya.

Januari, siku ya kuandikisha, fomu huuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na kama mtoto amebatizwa. Tunapendekeza chekechea zetu ziongeze mstari mmoja: mtoto huyu hupenda kufanya nini asipoagizwa na mtu? Jibu liandikwe kwa maneno ya mzazi mwenyewe, na mwalimu alisome kabla ya juma la kwanza kwisha.